Meza ya Zawadi Ilianza na Wakimbizi

Kila mwaka Desemba ikikaribia, ndugu zetu waliohamia nchi ya tatu wanatuma picha za maduka. Kuna aina moja linaitwa duka la hisani. Upande mmoja kuna nguo zilizovaliwa na vitabu vya zamani ambavyo watu wametoa bure. Upande wa pili kuna meza ya zawadi mpya. Hapo utaona kikapu, shanga, kitambaa cha kutarizi, pakiti ya kahawa, chokoleti. Kila kitu kina lebo inayosema kimetengenezwa na nani, wapi, na kwamba mtengenezaji amelipwa kwa haki. Mnunuzi analipa, anatoka na zawadi ya shangazi yake, na roho yake imetulia.

Sisi huku makazini tunaijua hiyo meza kutoka upande wa nyuma. Tunamjua mama aliyekaa chini ya mwembe akipima kikapu kwa futi, kisije kuzidi sentimita zilizoandikwa kwenye oda. Tunakijua kikapu kilichorudishwa eti rangi haifanani na sampuli. Lakini historia ya meza yenyewe hatuijui sana. Wengi wanadhani ni jambo la juzi, lililoletwa na wakulima wa kahawa na wanaharakati wa Ulaya. Kumbe ni ya zamani zaidi, na walioianza ni watu kama sisi. Naieleza hapa kwa sababu ndani yake kuna jibu la swali linalotusumbua: hivi kuuza zawadi kwa watu wenye huruma kunamtoa mtu kambini?

Saa za mbao na vimito vya sindano

Mwaka 1946 mama mmoja Mmarekani, Edna Ruth Byler, alitembelea Puerto Rico, ambako kanisa lake la Mennonite lilikuwa na kazi ya misaada. Akakuta wanawake wanajua kutarizi vizuri sana, ila hawana pa kuuza. Akanunua vitambaa vyao, akarudi navyo Pennsylvania, akaanza kuwauzia majirani na akina mama wa kanisani, akivibeba kwenye gari lake. Miaka michache baadaye akaongeza vitambaa vya wakimbizi wa Kipalestina. Biashara hiyo ya buti la gari ndo ilikua mpaka ikawa maduka yanayoitwa Ten Thousand Villages.

Mwaka 1949, waumini wa kanisa lingine la Marekani, Church of the Brethren, walianza kuuza saa za mbao zilizochongwa na wakimbizi waliokuwa Ujerumani baada ya vita. Shirika lao likaitwa SERRV. Herufi moja ya R katika jina hilo inasimamia neno la Kiingereza la mkimbizi. Yaani tangu siku ya kwanza tumo ndani ya jina.

Upande wa Uingereza kuna Oxfam. Ilianza mwaka 1942 katika mji wa Oxford, watu walipokusanyika kuomba chakula kiruhusiwe kupita kwenda Ugiriki, nchi iliyokuwa na njaa chini ya utawala wa jeshi la Ujerumani huku meli za Waingereza na wenzao zikizuia bidhaa kuingia. Vita vilipoisha watu waliendelea kuleta nguo na vyombo, na mwishoni mwa miaka ya 1940 likafunguliwa duka Broad Street, namba 17. Ule ndo upande wa kwanza wa duka la hisani, upande wa nguo. (Nguo kama zile, zikikosa mnunuzi kule, nyingi zinafungwa marobota na kuishia Owino na Gikomba. Kwa hiyo duka moja linatuvisha na kutuuzia vikapu.) Upande wa pili, upande wa zawadi, Oxfam iliuanza miaka ya 1950 kwa vimito vidogo vya kuchomekea sindano. Waliovishona walikuwa wakimbizi wa Kichina waliovuka kuingia Hong Kong.

Ukiziweka hizi habari pamoja unaona jambo moja. Katika miaka kama kumi na kitu baada ya vita, makanisa mawili ya Marekani na shirika moja la Uingereza waligundua biashara ile ile, na wote mapema sana walikuwa wanauza kazi ya mikono ya wakimbizi.

Kwa nini wakimbizi hasa?

Sababu haikuwa huruma peke yake. Mkimbizi ana mikono na ana ujuzi aliokuja nao kichwani. Shamba hana, mtaji hana, karatasi za kumruhusu kuajiriwa mara nyingi hana. Kazi ya mikono inamfaa kwa sababu haidai ardhi. Uzi ni mwepesi, sindano ni nyepesi, na kitu kikimalizika kinaingia kwenye sanduku la mgeni anayerudi kwao. Huwezi kumpa mchungaji gunia la mihogo aende nalo Marekani, ila vitambaa thelathini anabeba bila shida.

Na mnunuzi naye alikuwa ananunua vitu viwili kwa pamoja: kitambaa, na habari ya aliyekitarizi. Bila habari, kitambaa kingeshindana na vya kiwandani, na kingeshindwa bei. Habari ndo ilikipandisha. Hapo ndipo tulipopatia soko, na hapo hapo ndipo tulipofungwa kamba. Mtu akishakununua kwa sababu wewe ni mkimbizi, siku ukiacha kuwa mkimbizi atanunua nini?

Meza moja, milango tofauti

Tuwafuate wale watu wa kwanza tuone walifika wapi.

Ujerumani Magharibi ilikuwa na mamilioni ya watu waliofukuzwa kutoka nchi za mashariki mwa Ulaya. Wengi wao walikuwa Wajerumani, na katiba ya mwaka 1949 ikawatambua kuwa raia. Mwaka 1952 ikatungwa sheria ya kugawana mzigo: waliobaki na mali zao baada ya vita wakatozwa, waliopoteza mali wakafidiwa. Viwanda vikafufuka. Kufika mwaka 1961 nchi ile ile ilikuwa inasaini mkataba wa kuleta wafanyakazi kutoka Uturuki, maana mikono ya nyumbani haikutosha. Hakuna aliyehitaji tena kuchonga saa ili ahurumiwe.

Hong Kong mambo yalikuwa magumu zaidi. Serikali ya kikoloni ya Waingereza haikupenda hata kuwaita wakimbizi. Waliishi kwenye vibanda vya milimani, na usiku wa Krismasi ya mwaka 1953 moto wa Shek Kip Mei ukawaacha zaidi ya watu 50,000 bila makao. Lakini kitu kimoja hawakunyimwa: kutoka kibandani asubuhi na kwenda kutafuta kazi mjini. Mishahara ilikuwa midogo, saa za kazi ndefu, ila viwanda vya nguo na maua ya plastiki viliwameza. Baada ya ule moto serikali ikaanza kujenga maghorofa ya kuwahamishia watu. Watoto wa wale mama wa vimito vya sindano walikua wakiwa watu wa Hong Kong.

Sasa wa tatu. Mwaka 1950, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, UNRWA, lilianzisha Gaza mradi wa kutarizi unaoitwa Sulafa. Sindano zile zilirithiwa, mama kwa binti, binti kwa mjukuu, huku nje ya Gaza kukizidi kuwa kugumu kufika. Na Lebanon, wakimbizi wa Kipalestina walizuiwa na sheria kufanya kazi nyingi za taaluma. Kabla ya mwaka 1948 gauni la mwanamke wa Kipalestina lilikuwa linasema anatoka sehemu gani. Ukiangalia rangi na maua yake unajua. Kambini mitindo ya vijiji ikachanganyika, na kwenye vitambaa vya kuuza, ladha ya mnunuzi nayo ikaingia.

Si kwamba Mpalestina anatarizi vibaya kuliko Mchina anavyoshona. Tofauti ni mlango. Wale wawili wa kwanza waliruhusiwa kutoka, kuajiriwa, kukodi chumba, kufungua kibanda. Kwao meza ya zawadi ilikuwa daraja, wakavuka, wakaliacha. Huyu wa tatu alifungiwa upande mmoja, na daraja likawa nyumba.

Kahawa ilipoingia

Miaka ya 1960 hadithi iligeuka. Kwenye mikutano ya UNCTAD, Geneva mwaka 1964 na New Delhi mwaka 1968, nchi maskini zilisema wazi: tunataka biashara, misaada tumeichoka. Vijana wa Uholanzi wakalichukua neno hilo, na mwaka 1969 wakafungua katika mji wa Breukelen duka la kuuza bidhaa za nchi maskini. Mwaka 1988, huko huko Uholanzi, ikazaliwa lebo ya Max Havelaar kwa ajili ya kahawa ya wakulima wadogo wa Mexico. Mwaka uliofuata mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka vibaya, na lebo ikapata kazi kubwa kuliko walivyotarajia. Vyama vya ushirika vya kwetu, kile cha Kagera na kile cha Kilimanjaro kilichoanza mwaka 1933, navyo viliingia kwenye soko hilo.

Kwa mkulima mpango ule ni mzuri kuueleza: kuna bei ya chini kabisa, soko likianguka mnunuzi haruhusiwi kushuka chini yake, na juu yake kuna nyongeza ambayo wanaushirika wanaamua wenyewe waifanyie nini. Ila angalia mpango unamtaka mtu wa namna gani. Unamtaka mwenye shamba, mwenye chama kilichosajiliwa, mwenye kura kwenye mkutano mkuu. Mkimbizi hana hata kimoja. Kahawa ilipokaa mbele ya meza, sisi tulisogezwa pembeni ya biashara tuliyoianza.

Kazi za mikono zikabaki na utaratibu wake. Mwaka 1989 vyama vya biashara hiyo viliungana, na leo muungano wao unaitwa World Fair Trade Organization. Una kanuni kumi. Bei moja ya kikapu haiwezi kupangwa kwa dunia nzima, kwa sababu kikapu na kikapu havifanani. Kwa hiyo kanuni zinasema bei ipatikane kwa mazungumzo kati ya anayetengeneza na anayenunua, na itoshe kumlipa fundi kwa hali ya maisha ya mahali alipo. Zinasema pia fundi akiomba alipwe mapema angalau nusu ya oda, bila riba. Hii ya pili wengi wetu hatujawahi kuisikia. Tunakopa ukindu na rangi kwa mwenye duka, na faida yote inaishia kwake.

Saa yako ni shilingi ngapi?

Hesabu ya kikapu ni rahisi ukiiandika: vifaa, jumlisha saa za kazi mara malipo ya saa moja, jumlisha usafiri na gharama za kikundi. Tatizo liko kwenye hayo malipo ya saa. Wanasema "kulingana na mahali alipo." Haya, mahali alipo ni kambini. Kambini mwalimu mkimbizi, mkalimani mkimbizi, muuguzi mkimbizi, wote wanapewa insentivu, siyo mshahara. Mwenyeji anayefanya kazi ile ile meza ya pili anapokea mara kadhaa zaidi. Ukichukua insentivu kama kipimo cha saa, kikapu kinaweza kuonekana kimelipiwa vizuri sana, na bado mama hawezi kununua magodoro mawili kwa mwezi. Haki inapimwa kwa futi iliyokatwa.

Hapo ndipo naona historia inatufundisha. Bei ya haki haiwezi kukaa peke yake. Inataka mtu awe na uwezo wa kusema "hapana, nauza kwingine." Asiyeweza kwenda soko lingine anapewa bei, hajadiliani.

Kwetu, maziwa makuu na pwani

Ukanda wetu nao una mifano yake. Wamakonde wengi waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji walikuja kwanza kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na baada ya mwaka 1964 wengine wakakimbia vita vya ukombozi. Dar es Salaam walichonga, wakauza kwa wafanyabiashara na watalii, na ule mtindo wa watu waliopandiana mabegani, unaoitwa ujamaa, ukajulikana dunia nzima. Waliuza barabarani na mjini, na sanaa yao ikahesabiwa kuwa sanaa ya Tanzania.

Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, ilianza kupokea Watutsi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwenye kambi za Uganda watoto wa kike walifundishwa na mama zao kusuka agaseke, kile kikapu chenye kifuniko cha ncha. Mmoja wa watoto waliokulia ukimbizini Uganda ni Janet Nkubana. Aliporudi Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, yeye na dada yake Joy Ndungutse waliwakusanya wanawake, wajane na wake za wafungwa, wakasuka pamoja. Kampuni yao, Gahaya Links, ikafika mpaka kuuza vikapu kwenye maduka ya Macy's ya Marekani. Ujuzi ulitunzwa kambini, lakini kampuni ilisajiliwa pale walipokuwa raia.

Nairobi kuna Amani ya Juu, iliyoanza mwaka 1996 na wanawake wakimbizi wachache waliojifunza kushona pamoja. Na mwaka 2018 UNHCR, wakishirikiana na World Fair Trade Organization, wakaleta MADE51, mpango wa kuuza kazi za mikono za wakimbizi wa nchi nyingi, Warundi wakiwemo. Ile 51 kwenye jina ni mwaka 1951, mwaka wa Mkataba wa Wakimbizi.

Basi tuufungue huo mkataba. Kifungu cha 18 kinazungumzia haki ya mkimbizi kujitegemea kwa kilimo, viwanda, biashara na kazi za mikono. Kazi za mikono zimetajwa kwa jina! Zimeandikwa kama haki yake mwenyewe, afanye kwa niaba yake, siyo kama mradi wa kupewa.

Lakini mkataba unaishi ndani ya sheria za nchi. Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea. Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 2021 yenye ahadi kubwa kuliko ya zamani, na utekelezaji wake bado tunausubiri. Tanzania, Sheria ya mwaka 1998 inamtaka akae eneo alilopangiwa, na kutoka ni kwa kibali. Nchi hiyo hiyo mwaka 2014 iliwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 wa mwaka 1972, ambao walikuwa wamepewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu na wakalima mpaka wakawa hawahitaji chakula cha msaada. Serikali inajua basi kwamba mlango ukifunguliwa watu wanapita na miguu yao.

Kwa hiyo tufanye nini na hiyo meza?

Sisemi tuiache. Fedha ya kikapu inalipa daftari, inalipa sabuni, inamfanya mama asisubiri tarehe ya mgao kama kifaranga anavyosubiri mtama. Ninachosema ni kwamba tuiweke mahali pake.

Nyinyi mlioko ng'ambo, mnaoingia maduka hayo kutafuta zawadi za Krismasi au Idi, mnaweza kuuliza maswali ambayo mwenye duka mzuri atafurahi kuyajibu. Fundi alilipwa nusu mapema? Nani alikaa kwenye kikao cha bei? Anaruhusiwa kuuza kwa mwingine? Na kama kikapu kimetoka kambini, wenye duka wamewahi kuandikia serikali yoyote kuhusu ruhusa ya watu hao kutembea? Duka linaloweka sura yetu kwenye lebo lina deni hilo.

Na sisi tulioko huku: tuandike saa zetu kwenye daftari, hata kama hakuna anayeuliza. Vikundi vitano vinavyosuka kimoja kimoja vinapangiwa bei; vikundi vitano vikikaa pamoja vinaweza kuuliza habari ya advansi. Kwenye lebo tuombe iandikwe jina la mtindo na mahali ulipotoka, iwe Fizi, Ruyigi au Masisi, kabla ya habari ya tulivyokimbia. Kukimbia kulichukua siku chache. Kujifunza kusuka kulichukua miaka, na kulianza kwa bibi.

Na siku mjumbe wa shirika akija kutuambia oda ya mwaka ujao imeongezeka, tumshukuru, tumpe kiti, kisha tumuulize na habari ya kibali.